Marehemu Ndani ya Beseni

Siku mliyoniaga mlinipa kipaza sauti niwaambie vijana wa kazi mawili matatu. Nilisema aksanti, nikarudi kwenye sahani yangu, kwa maana mbuzi alikuwa anapoa na bukari, ugali wetu, ikipoa haina msamaha. Tangu hapo Fifi, ambaye sasa ndiye mkuu wa kitalu, hanipi raha: "Mama Clotilde, andika." Haya, naandika. Magoti yamestaafu, mkono bado unafanya kazi.

Msitafute humu habari za kupanda cheo. Kwetu kulikuwa na vyeo viwili tu: Papa Anaclet, na sisi wengine. Nitawaeleza zaidi jinsi nilivyoua mimea, maana hiyo ndiyo shule niliyosoma. Anayejisifu kwamba hajawahi kuua kaktasi, ama ni mwongo ama hajawahi kumiliki kaktasi.

Kabla ya hapo nilikuwa napiga pasi kwenye nyumba za watu. Papa Anaclet alikuwa na kitalu chake kando ya barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Luano, mahali ambapo kila ndege ikipita mazungumzo yanakatika na kila mtu anasahau alichotaka kusema. Baba yake alitoka kaskazini akaja kufanya kazi ya reli. Yeye mwenyewe alichoka kuona vyuma akaamua kuotesha ile mimea ambayo wateja wanaiita plantes grasses: aloe, kaktasi, mti wa jade, ile inayokaa kama waridi la jiwe, na ile yenye majani marefu yaliyochongoka ambayo Wafaransa waliita ulimi wa mama mkwe. Mimea minene, inayojiwekea maji tumboni kama mtu aliyewahi kupata njaa. Kazi yetu ilikuwa kuingia katika nyumba ya mteja, kusoma mwanga wake, kuchagua chombo, kuipanga ipendeze, kisha kurudi kila mwezi kuona kama bado iko hai.

Siku yangu ya kwanza Papa Anaclet alikuwa anakwenda maziko. Akaniambia, "Clotilde, ulinde miti," akavaa koti, akaondoka. Ilikuwa Oktoba, joto la kupasua kichwa. Nami nimelelewa vizuri: mgeni akija unampa maji. Niliwapa wote maji. Jioni nikawaona bado wana sura ya kiu, nikawapa tena. Kesho yake vilevile, na keshokutwa, kwa sababu maziko ya kwao hayaishi siku moja. Juma lilipokwisha, mimea ya vyungu arobaini ilikuwa imelainika kama nyanya zilizochemshwa. Papa Anaclet alirudi, akagusa mmoja kwa kidole, na kidole kikaingia ndani hadi kwenye pete.

Ndege ikapita, kisha akasema:

"Clotilde, hii njo mara ya kwanza mi naona muntu anazamisha bengine pa inchi kavu."

Nilidhani ananifukuza. Badala yake alikwenda nyuma ya kibanda akaleta njiti moja ya gurudumu la baiskeli, iliyonyooshwa vizuri na kufungwa kitambaa upande wa kushikia. "Unaingiza mpaka chini," akaniambia. "Ikitoka na udongo umekamata, we unaenda kwako. Ikitoka safi, unangoya tena siku mbili, alafu unatia mayi." Sayansi yote ndiyo hiyo. Miaka ishirini na mbili iliyofuata sikujifunza kitu kikubwa kuliko hicho. Yaliyobaki yalikuwa mapambo na kusengenya wateja.

Nilijaribu pia kuwa na akili. Nilimwona jirani anaotesha nyanya kubwa kwenye udongo wa kichuguu, nikajaza kichuguu kwenye vyungu sitini bila kuuliza mtu. Udongo ule ukishika maji hauachi, na ukikauka unakuwa tofali. Ilibidi tuvunje vyungu kwa nyundo ili kuwatoa waliokuwa ndani, kama watu walioangukiwa na nyumba. Ndipo akanionyesha mchanganyiko wake: mchanga wa mto uliooshwa, tofali jekundu lililopondwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, makaa kidogo, na udongo wa bustani mchache sana, hadi uone haya kuwa humo. Maji yapite kama mgeni mwenye haraka.

Kuhusu kupamba, jueni kwamba mteja na mmea hawapendi sehemu moja ya nyumba. Mmea unataka dirisha. Mteja anataka juu ya televisheni, kwenye korido, ama chooni "ili kuwe na uhai". Kwetu hapa, miezi ya kiangazi jua linapita upande wa kaskazini, basi mtafutieni mteja dirisha la kaskazini na mumsemeshe mpaka aamini wazo ni lake. Atataka vyungu vya shaba, kwa kuwa sisi ni Wakatanga na tusipoweka shaba tunaumwa. Mwachieni, lakini ndani ya shaba fichani chungu cha plastiki chenye matundu. Vumbi jekundu litolewe kwa mswaki mkuukuu, si kwa kitambaa chenye mafuta ya kung'arisha meza, kama alivyofanya mtumishi mmoja wa mtaa wa Golf aliyefanya echeveria nane, yale mawaridi ya jiwe, zing'ae kama viatu vya bwana harusi. Zilikufa zikiwa nzuri sana.

Na msiweke kaktasi mahali ambapo mtu anarudi kinyumenyume. Pasta mmoja alitaka safu ya kaktasi nyuma ya mahali anaposimama kuongoza maombi ya nyumbani, ziwakumbushe wenye dhambi. Juma la pili maombi yalipanda moto, pasta akarudi hatua tatu, akakaa. Tuliitwa mimi na Papa Anaclet, na kwa muda mrefu tulikuwa tunachomoa miiba kwa kibanio cha nyusi cha mke wake, pasta amelala kifudifudi, anasema kwa lugha ambayo haikuwa ya mbinguni.

Halafu kulikuwa na Madame Solange. Huyu alituita akilalamika kwamba mimea aliyoletewa na shemeji yake kutoka safari haikui. Mlinzi wake alikuwa ameimwagilia kila Jumamosi kwa miaka miwili. Papa Anaclet alishika jani, akanitazama, nami nikashika jani, nikatazama dari. Plastiki tupu. Madame Solange amesimama hapo na marafiki zake wawili, wanangoja jibu.

"Madame," Papa Anaclet akasema, "hii miti iko na afya kupita sisi bote. Ila inachelewa. Mutuachie."

Kwa miezi minne tulikuwa tunatoa mmoja wa plastiki na kuweka mmoja wa kweli unaofanana nao, kidogokidogo, kila tulipokwenda. Madame Solange akaanza kuwaambia watu kwamba mimea yake imeamka. Hajajua mpaka leo, na mkimwambia nitakana. Mimi nilijifunza hapo jambo ambalo lilikuwa sumu: kwamba mteja unaweza kumbadilishia mmea, na kila mtu akalala vizuri.

Kabla ya kufika huko, niwakumbushe kuhusu mnyaa, ule wenye maziwa meupe. Niliukata siku moja bila miwani, nikajifuta jasho kwa mkono uleule. Jicho liliwaka kama pilipili iliyochomwa. Papa Anaclet alinikamata shingoni, akaniinamisha chini ya bomba, akanishikilia hapo huku akisali rozari kwa sauti. Alimaliza mafumbo yote matano ya uchungu kabla ya kuniachia, kisha akanipeleka hospitali. Kwa siku tatu niliona dunia kama naitazama kupitia uji. Tulipoazima miwani ya jirani mchomeaji vyuma, ilikuwa nyeusi kiasi kwamba nilikata pazia la mteja. Nunueni zenu, za kioo cheupe.

Sasa niwaeleze kesi ambayo bado inaniamsha alfajiri.

Mwanamke mmoja alipiga simu kitaluni akasema, "Bwana yangu iko anavimba miguu." Papa Anaclet akamjibu kwa heshima kwamba sisi si madaktari. "Najua," yule mama akasema. "Ni bwana wa mu beseni."

Tulikwenda mtaa wa Bel-Air. Aliitwa Mama Georgette, mjane wa dereva wa treni, Papa Théophile. Macho yake yalikuwa yamefifia; aliona vivuli tu, lakini alitembea ndani ya nyumba ile kama mtu anayesoma kitabu alichokikariri. Karibu na dirisha kulikuwa na kiti cha mikono, na juu ya kiti beseni la bati lililopakwa rangi nyeupe, na ndani ya beseni mti wa jade mkubwa kuliko wote niliowahi kuona ndani ya nyumba. Papa Théophile alikuwa ameupanda alipokuwa kijana. Alipofariki, mke wake aliubeba kutoka barazani akauweka kwenye kiti chake. Kila asubuhi alimsalimia, akamwelezea habari za mtaa, akampa kikombe cha maji. Jumapili alimpa chai.

Papa Anaclet aliingiza njiti. Ilipotoka, chumba kizima kilinuka mtaro. Beseni halikuwa na tundu hata moja.

"Mama," akasema taratibu, "bwana yako iko anazama."

"Hata akiwa muzima hakujua kuogelea," Mama Georgette akajibu. Kisha akashika ukingo wa beseni. "Mutamuponyesha?"

Mimi ndiye niliyejibu. Kinywa changu kilitangulia. "Nitamurudisha muzima, Mama. Juma mbili."

Papa Anaclet alinitazama kwa namna ambayo ningepaswa kuielewa. Siku ileile alikuwa anasafiri kwenda Pweto, binti yake alikuwa amejifungua. Aliniachia maneno machache: kata shina juu ya sehemu iliyooza, paka unga wa makaa kwenye kidonda, acha likauke kivulini, na jani lolote lililo gumu usilitupe.

Nilikata. Shina lilikuwa jeusi ndani kama kiazi kilichosahauliwa. Nikakata juu zaidi, jeusi. Nikakata matawi, moja moja, nikijiambia lile linalofuata litakuwa jeupe ndani. Nilifika kwenye ncha ya tawi la mwisho na ncha ikasagika mikononi mwangu. Mume wa watu alikuwa amekwisha, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kisu. Yalibaki majani machache magumu. Niliyalaza kwenye trei ya mayai yenye mchanga mkavu, kwa kuwa niliambiwa, nikaisukuma trei chini ya meza nisiione.

Kisha nikafanya ujanja. Nyuma ya kitalu tulikuwa na mti wa jade wa umri mkubwa, karibu kimo kilekile. Nilitoboa beseni kwa msumari, nikaupanda humo, nikapunguza matawi mpaka kivuli chake kikafanana na cha marehemu. Mama haoni, nikasema moyoni. Na Madame Solange mwenye macho mawili mazima je, aliona?

Mama Georgette alinifungulia akiwa amevaa kitambaa kizuri cha kichwa. Alikuwa amemtandikia kiti. Niliweka beseni, akaja, akanyoosha mkono, akaanza kupapasa shina kutoka chini kwenda juu. Mkono ukasimama. Ukarudi chini. Ukapanda tena.

"Kidonda kiko wapi?"

"Kidonda gani, Mama?"

"Théophile alifunga muti na waya ya simu kusudi unyooke. Waya iliukata. Kila siku minapitisha kidole pale. Iko wapi?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema kweli. Mimi nilisema, "Labda imepona, Mama. Amekonda kidogo sababu ya matibabu."

Aliondoa mkono kana kwamba ameungua.

"Clotilde, nililala na ule mwanaume miaka makumi ine. Unazania unaweza kuniletea mugeni na mi siwezi kujua?"

Ningependa kuwaambia kwamba alicheka. Hakucheka. Alinyoosha kidole kuelekea mlangoni, nikabeba beseni na mgeni wangu ndani yake, nikatoka. Nilipokuwa nafungua geti nilimsikia ndani, analia kwa sauti ya mtu aliyefiwa asubuhi ileile. Nilitembea na beseni kichwani hadi barabara kubwa, watu wananisifu njiani kwa mmea mzuri.

Nilikaa na jambo lile majuma matatu bila kumwambia mtu. Wateja niliwahudumia kama kawaida, lakini niliacha kupita Bel-Air. Nilizunguka hata kama safari inaongezeka. Papa Anaclet aliporudi na samaki wakavu na picha za mjukuu, aliuliza swali moja tu: "Na bwana wa mu beseni?" Nikamwambia yote. Nilijitetea kwa Madame Solange.

"Kule tulificha bujinga," akasema. "Huyu mama umemuficha kifo. Bwana anakufa mara mbili, na mara ya pili bibi hata hakumulilia, ulimudanganya tu." Alikasirika hivi: hakupandisha sauti, alianza tu kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Ufagio ukagonga kitu chini ya meza. Akainama, akaivuta trei ya mayai.

Majani mengi yalikuwa yamenyauka. Lakini matatu yalikuwa yametoa nyuzi za waridi kwenye kikonyo, na kwenye kila moja palikuwa na mche usiozidi punje ya mchele.

"Peleka," akasema.

"Ni kadogo sana, Papa. Atazania ninamuchekelea."

"Nani alikuambia upeleke muti? Unapeleka ukweli. Hii inakusindikiza tu, kusudi usiende mikono mitupu."

Nilikwenda asubuhi yake na trei mkononi, na kichwani beseni lake, ndani yake vyungu vidogo vitatu. Mama Georgette alifungua mlango, akatambua hatua zangu, hakunikaribisha. Nilisema palepale kizingitini, nimesimama, kwa mfululizo, kabla ujasiri haujaisha: kwamba alikufa mikononi mwangu, kwamba nilimkata mpaka ncha na hapakuwa na kizima, kwamba niliogopa, kwamba nilimdhania kipofu wa moyo pia. Kisha nikamwekea trei mikononi.

Alipitisha ukucha juu ya mche wa kwanza. Halafu wa pili. Halafu wa tatu.

"Hii yote ni yeye?"

"Yote, Mama. Imetoka mu mwili yake."

Jirani aliyekuwa anaanika nguo akaacha kuanika ili asikie.

"Mungu wangu," Mama Georgette akasema. "Mumoja alinishinda. Sasa njo banakuwa batatu."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, nami niliyekuja kuomba msamaha ndiye niliyekaa chini kwenye ngazi nikilia kama mtoto. Alinivuta ndani kwa kitenge changu. Nilipokuwa napanda ile miche katika vile vyungu vidogo vya udongo, akauliza kwa aibu kidogo jambo ambalo sikulifikiria hata mara moja.

"Na mayi? Kama hanywi, nitamusalimia na nini asubui?"

Tazameni, vitabu vya mimea haviandiki hayo. Unaweza kumkataza mtu kumwagilia, lakini yule hakuwa anamwagilia; alikuwa anamwandalia mumewe. Nilifikiri, nikaenda nyuma ya nyumba, nikachimba shina la matembele, nikalipanda katika lile beseni la bati, nikaliweka pembeni ya kiti. "Kusalimia, unamusalimia yeye," nikamwambia. "Mayi unamwanga pa matembele. Atajua ni yake." Kwa miche tulipatana kijiko kimoja, siku nitakayokuja mimi na njiti yangu, basi.

Mwezi mmoja baadaye alipiga simu kitaluni. Nikadhani kumeoza tena. "Clotilde," akasema, "leo nimekula matembele ya bwana yangu. Tangu anioe, njo mara ya kwanza analeta mboga kwa nyumba."

Niliendelea kwenda kwake kwa miaka yote iliyobaki ya kazi. Papa Anaclet aliacha kazi kabla yangu, macho na mgongo vilimgomea kwa wakati mmoja, akahamia kwa binti yake Pweto, na kutoka huko alituma maagizo ambayo hakuna aliyemwomba. Miche ya Mama Georgette ilikua. Wa kwanza aliuweka kwenye kiti. Wa pili alimpa dada wa marehemu, "wagombane huko na muntu wa kwabo." Wa tatu ulikuwa na tabia: ulikua upande upande, ulimwaga majani kila mtu akipita, ulisukuma chungu hadi kikapasuka. Safari yangu ya mwisho kwake kama mfanyakazi, aliufunga katika gazeti akanipa.

"Uyu njo ule alikuwa ananichokesha," akasema. "Peleka kwako, kazi imeisha, upumuzike naye mu retraite."

Uko hapa ninapoandika, kwenye dirisha la kaskazini, umeinamia meza ya chakula. Mume wangu analalamika kwamba hawezi kula vizuri wakati dereva wa treni anamtazama. Nimemwambia asogeze kiti, maana Papa Théophile anahitaji mwanga.